Sifa ya Chombo na Sifa ya Baharia

Kwa mabaharia wa pwani inayoanzia Ras Kiamboni hadi Kismayo, sifa ni vitu viwili. Ni mafuta mazito ya ini la papa, yenye uvundo usiotoka mkononi upesi, yanayopakwa kwenye mbao za chombo zisikauke na kupasuka juani. Ni pia maneno mema anayoambiwa mtu mbele ya wenzake. Wenye kamusi huyatenganisha maneno haya mawili, na wana haki. Historia ya kazi ya Wabajuni, wenyeji wa pwani hiyo, huyakutanisha: chombo kisichopakwa sifa huvuja, na baharia asiyepata sifa, msimu ukiisha, hutafuta nahodha mwingine.

Visiwa vya Wabajuni vilivyo upande wa Somalia, Koyama, Chovai na Chula vikiwa ndivyo vikubwa vinavyokaliwa, ni miamba ya matumbawe yenye udongo haba na visima vichache. Mashamba yalikuwa ng'ambo, bara, na riziki nyingine yote ilitoka majini. Hata mji wa Kismayo umebaki na jina la Kibajuni: kisima yuu, yaani kisima cha juu. Mahali pa namna hiyo mtu mmoja peke yake hawezi kazi. Hawezi kushusha mashua pwani, wala kupandisha foromali ya tanga, wala kufyeka mwitu na kuuchoma moto. Kila kazi ilikuwa ya kundi, na kundi lisiporidhika kazi ililala.

Chombo cha mtepe kinaonyesha uzito wa kazi yenyewe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa, na omo lake lilichorwa macho. Wabajuni na majirani zao wa Pate waliunda mitepe hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakisafirisha boriti za mikoko hadi Unguja. Mishono ilipitisha maji daima. Kwa hiyo usiku na mchana alikuwapo mtu ndani ya ngama akifua maji, amechuchumaa gizani kati ya boriti, akijaza kata na kumwaga, kujaza na kumwaga, huku wenzake wakilala juu akingojea zamu yake iishe. Ni kazi chafu, ya kuchosha, na haionekani na mtu. Lakini akizembea aliyeko chini, wote huzama.

Kazi ya namna hiyo ilibebwa kwa nyimbo. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ilivutwa kwa sauti: mmoja anatoa, wengine wanapokea, na kamba inakuja pale pale sauti zinapokutana. Wabajuni wana pia kimai, utungo wa mambo ya bahari, ambamo ujuzi wa baharini na misukosuko yake hupewa maneno ya kukumbukwa. Mtoaji mzuri wa nyimbo alikuwa na heshima yake chomboni, ingawa huenda mkono wake haukuwa na nguvu kuliko mikono ya wengine.

Hata hivyo nyimbo peke yake hazijazi chungu. Nguzo ya mpango mzima ilikuwa mgao. Baharia wa pwani hii hakuwa na mshahara. Chombo kiliporudi, gharama za chakula na matengenezo zilitolewa kwanza, kisha kilichobaki kiligawanywa: fungu la chombo kwa mwenyewe, la wavu kwa mwenye wavu, la kila mtu aliyekwenda, na nyongeza kwa nahodha. Kwa wavuvi, kabla samaki hawajauzwa, kila mmoja alitengewa kitoweo cha nyumbani. Mafungu yalipangwa juu ya mchanga mbele ya macho ya wote, na mtoto aliyeshika kamba wakati wa kuvuta mashua hakuondoka mkono mtupu. Siku ya hasara, hasara ilikuwa ya wote, na mwenye chombo hakula peke yake siku ya neema. Hesabu ya wazi namna hiyo huondoa jambo linalomkosesha mfanyakazi usingizi kuliko uchovu wenyewe, nalo ni shaka kwamba mwingine anakula jasho lake.

Baharini neno la nahodha halikujadiliwa, na haliwezi kujadiliwa dhoruba ikiwa imeanza. Nchi kavu mambo yalikuwa mengine. Kusi ilipokaza na vyombo vikapandishwa pwani, watu walikaa kivulini wakikalafati, wakipaka deheni chini ya chombo na sifa juu yake, na wakati huo ndipo safari iliyopita ilipochambuliwa. Nani alishika usukani vizuri mlangoni, nani aliona mwamba mapema: yote yalisemwa. Na nahodha asiyesikiliza kivulini alijua kwamba kaskazi ikianza atatafuta watu asiwapate.

Wataalamu wa kazi walilifikia wazo hilo hilo, kwamba kauli na heshima vina uzito kazini, kwa njia ndefu. Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alionyesha kwamba kazi nzito humwumiza zaidi mtu asiye na kauli juu ya namna ya kuifanya. Mwaka 1996 Johannes Siegrist akaongeza kwamba huumiza pia pale juhudi zinapozidi malipo, na katika malipo alihesabu heshima pamoja na fedha. Wote wawili walitazama viwanda na maofisi, lakini baharia wa Chula angewaelewa bila kuhitaji sana mkalimani.

Upande wa mashamba kulikuwa na vave. Wakulima wa Kibajuni walipomaliza kufyeka mwitu, usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma walikesha wakiimba utungo huo kwa kupokezana. Kazi ya wiki nyingi ya panga na miiba ilipata usiku wake wa kutajwa hadharani kabla ya moto kuila.

Si kila aliyefanya kazi alihesabiwa katika mgao wala katika sifa. Karne ya 19 pwani hii ilikuwa na watumwa mashambani na vyomboni, na fungu la mtumwa halikuwa lake kamili. Wanawake walisokota kamba na kusuka mikeka iliyokuwa tanga, lakini sifa za safari ziliishia kwa wanaume.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Juba pamoja na visiwa. Miaka ya 1930 watu wa vijiji vya bonde la Juba walikamatwa kwa nguvu kwenda kulima mashamba makubwa ya Waitaliano. Mfumo huo waliuita kolonya, na jina lilibaki midomoni mwa wazee kama jina la adhabu: kazi isiyo na fungu, isiyo na shauri, na msimamizi juu yake. Visiwani mgao uliendelea. Mtaliano Vinigi Grottanelli, aliyekaa na Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu yao kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1955, na jina alilokipa liliwahusu wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya mapinduzi ya Somalia ya Oktoba 1969. Serikali ya Siad Barre ilihimiza vyama vya ushirika vya uvuvi, na baada ya ukame wa 1974 na 1975 ilihamisha wafugaji wengi kwenda kuvua samaki Barawa, Adale na Eil. Kwa jina, ushirika ulifanana na desturi ya kale. Kwa vitendo, boti, bei na maamuzi vilitoka juu, na mtu ambaye jana alihesabu ngamia wake mwenyewe leo alipewa posho. Wengi waliondoka walipopata nafasi. Ajabu ni kwamba Wabajuni walikuwapo katika nchi hiyo hiyo, na mgao wao wa karne nyingi haukuonekana kuwa somo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1991 viliwafukuza Wabajuni wengi. Walikwenda Kenya kwa vyombo vyao, na kambi ya Jomvu karibu na Mombasa ikawa makao ya baadhi yao hadi 1997. Waliobaki na waliorudi huvua sana kamba, wale wakubwa wa mwambani. Mzamiaji hushuka na pweza aliyefungwa kwenye fimbo, humwingiza pangoni, na kamba, ambao humwogopa pweza, hutoka wenyewe. Nyuma ya boti sasa yupo tajiri aliyetoa mafuta na barafu kwa mkopo, na hukata deni lake kwenye mizani kabla ya mtu mwingine kuona senti. Kamba wote ni wa mizani. Pweza aliyewatoa pangoni huweza bado kuishia kwenye fungu la kitoweo.