Vitabu Vilivyochomwa Efeso

Mji wa Efeso, ambao magofu yake yako katika nchi ya Uturuki, ulisifiwa zamani kwa hekalu la Artemi na kwa uganga. Palikuwa na maneno yasiyoeleweka, yaliyoitwa herufi za Efeso, ambayo watu waliyaandika na kuyavaa kama hirizi.

Paulo alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, twasoma ya kuwa wana saba wa Skewa walijaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa ya kupungia pepo; yule mwenye pepo akawapiga, wakakimbia uchi. Hofu ikaushika mji. Hapo wengi waliokwisha kuamini (wala si wapagani!) wakaja wakaungama, na wenye vitabu vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha, na kipande kimoja kilikuwa kama ujira wa kibarua kwa siku. Wangaliweza kuviuza, hawakuviuza.

Nasi walimu tuangalie: kila mtu alichoma vyake. Hatusomi kwamba mtu aliingia nyumbani mwa jirani kumtafuta mchawi. Walakini mwaka 1692 huko Salem, katika koloni la Waingereza la Massachusetts, Wakristo walioijua sana amri ya Kutoka 22:18 waliwanyonga watu 19 kwa ushuhuda wa wasichana na majirani. Torati ileile, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, yadai mashahidi wawili au watatu, na yaamuru shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea ndugu yake.