Tarumbeta Lililia Bagamoyo Kwanza

Wiki ya Krismasi jijini Dar es Salaam huanza kusikika kabla haijaonekana. Pikapu inakuja taratibu katika Barabara ya Bagamoyo. Nyuma wamesimama vijana sita au saba, mashavu yamevimba, na mmoja ameibana ngoma kubwa kwa goti ili isiteleze dereva akifunga breki. Wanapiga ule wimbo wa usiku mtakatifu ambao Franz Gruber aliutungia muziki kule Austria mwaka 1818, ukaimbwa kwa gitaa. Ubeti wa kwanza wanaupiga kwa adabu, kama ulivyo kitabuni. Wa pili ngoma inauingilia, tarumbeta la mbele linaacha njia na kurudi kwa madaha, na akina mama wa pembeni wanaweka mabeseni chini wakacheze.

Nimewauliza wapigaji kadhaa ufundi huu umetoka wapi. Wengi hujibu kuwa umetoka kanisani. Jibu hilo si uongo, maana Walutheri walitoka Ujerumani na desturi yao ya kwaya za matarumbeta, sauti nne kwa shaba tupu, na makanisa ya Kilutheri Tanzania (KKKT) yanaiendeleza hadi leo. Lakini habari ni ndefu kuliko hapo.

Mwaka 2025 kilitimiza miaka 50 kitabu cha Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Ndicho kitabu kikuu juu ya beni, ngoma ya pwani iliyochukua jina lake kwenye neno la Kiingereza la bendi. Ranger anaifuatilia kutoka Lamu na Mombasa miaka ya 1890, na anawataja watumwa walioachwa huru wa Freretown, Mombasa, waliokuwa na bendi yao ya shaba. Namheshimu mzee huyo, ila hapa Bagamoyo tuna neno la kuongeza.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka mitatu baadaye mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akapita hapo akielekea bara kumtafuta mmisionari Livingstone. Walimkaribisha chakula, na baada ya kula wakajitokeza vijana wapatao 20 wakiwa na ala za shaba, bendi kamili, wakapiga na kuimba nyimbo za Kifaransa. Stanley aliandika kwamba alishangaa, tena kwa maneno ya dharau juu ya nywele zao na mama zao. Mimi dharau yake naiacha, nachukua ushahidi wake. Mwaka 1871 Freretown ilikuwa bado haijaanzishwa. Watoto waliofikishwa pwani wakiwa mali ya watu walikuwa tayari wanapiga ala za shaba Bagamoyo. Sidai kuwa beni ilizaliwa kwetu. Nadai watoto wale watajwe.

Beni yenyewe ilikuwa ugomvi mtamu. Mombasa pande zilikuwa Kingi na Skochi, hawa wa pili wakivaa sketi za askari wa Uskoti. Katika pwani yetu na miji ya bara waligawana Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, makarani na askari. Arinoti wakaambiwa ni wapagazi na watu wa kuja. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake na akina mama wenye vyeo vyao, na enzi za Mjerumani hata Kaisari alikuwapo. Walishindana kwa gwaride, kwa sare zilizopigwa pasi, kwa nyimbo za mafumbo, na zaidi ya yote kwa karamu. Upande mmoja ukichinja ng'ombe, mwingine unachinja zaidi, hata kama kesho yake ni kukopa. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza beni pamoja na askari na wapagazi hadi Nyasa na Kongo. Pale ambapo shaba haikupatikana, watu walichonga vibuyu wakavipuliza. Wakoloni wakaingiwa na hofu: watu weusi wenye vyeo, michango na mtandao wa mji hadi mji, wanapanga nini? Mapadre na wachungaji wengi nao waliikemea, ingawa ala zile zile zililia kwenye misheni zao.

Miaka ya 1930 vijana wa Dar es Salaam walihamia kwenye dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na baadaye gitaa likashika usukani. Zanzibar beni ikabaki kwenye harusi, na huku kwetu shaba ikabaki kanisani na kwenye pikapu.

Kinachoniuma ni kwamba mgeni akifika misheni ya Bagamoyo ataonyeshwa mbuyu wa mapadre na mnara ambako mwili wa Livingstone ulipokelewa Februari 1874. Wale wapigaji 20 hatawasikia, wakati wao ndio walioianza kazi ambayo vijana wa pikapu wanaikamilisha sasa: kuupokea wimbo wa watu wa mbali na kuurudisha ukiwa na mwendo wetu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iko mji huo huo. Ingefaa ianze kuwarekodi wapigaji wazee wa matarumbeta, wa kanisani na wa beni, kabla pumzi hazijawaishia.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna tarumbeta la babu lililobonyea, limelala uvunguni, usimpe mnunuzi wa chuma chakavu. Lisugue kwa limau na majivu, kisha muulize mzee wa nyumba lilipigwa sikukuu gani na nani alikuwa analipuliza. Andika jina hilo.