Moyo wa Kuazima — Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Haskell Karp, mwenye miaka 47, yuko mezani katika Hospitali ya St. Luke's, Houston. Dk. Denton Cooley amekata nyama ya moyo iliyokufa na kushona iliyobaki. Wanajaribu kuuamsha. Haupigi.

SASA ENDELEA...

Ilikuwa Ijumaa Kuu, Aprili 4, 1969. Kilichomweka Karp hai ni mashine ya moyo na mapafu, nayo hiyo si ya kumtegemeza mtu kwa siku kadhaa. Kadiri saa zinavyoyoyoma ndivyo inavyoharibu damu. Moyo wa kumpandikiza haukuwepo.

Fomu aliyotia saini ilitaja hatua tatu: kuukarabati moyo wake, ikishindikana, kumwekea wa bandia kwa muda, kisha apewe wa binadamu. Hatua ya kwanza ilikuwa imeshindikana.

Cooley akaukata moyo, akautoa. Mahali pake akashona kifaa cha Domingo Liotta, daktari wa Argentina: vyumba viwili vya plastiki na kitambaa, vilivyosukumwa kwa hewa iliyopita kwenye mirija kutoka mtambo mkubwa kando ya kitanda. Kabla ya siku hiyo kilikuwa kimejaribiwa kwa ndama.

Hewa ikafunguliwa. Presha ikapanda. Baadaye Karp akazinduka, akawa anafuata maagizo ya madaktari, ndani ya kifua chake hamna moyo!

Lakini Liotta alikuwa mtafiti katika maabara ya Dk. Michael DeBakey, bosi wa zamani wa Cooley. Mafahali hao wawili zizi moja lilikwisha kuwashinda. DeBakey hakuombwa ruhusa wala hakudokezwa; alikuwa Washington, miongoni mwa maofisa wa taasisi ya serikali iliyotoa fedha za utafiti ule, habari ilipomfikia. Kazi ya maabara yake ilikuwa imo kifuani mwa mtu, na yeye anaisikia kama mpita njia.

Huko Houston, figo za Karp zikaanza kulegea. Mkewe, Shirley, akajitokeza mbele ya waandishi wa habari, akaiomba Marekani nzima moyo.

Jibu likatoka Massachusetts. Mwanamke mmoja, ubongo umekufa, moyo ungali unapiga. Familia imekubali. Katikati kuna kilomita zipatazo 2,600, na ndege bado haijaruka.

Mtambo ukaendelea kupuliza. Figo zikazidi kugoma.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO