Marekani: Mvutano kuhusu uchunguzi wa wanunuzi wa bunduki

Sheria ya Brady, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwaka 1993, inamlazimu muuza bunduki mwenye leseni kuhakikisha kwamba mnunuzi hana rekodi inayomzuia kumiliki silaha. Tangu 1998 rekodi hizo huchunguzwa kupitia mfumo wa FBI.

Hata hivyo, sheria hiyo haimlazimu mtu binafsi anayeuza silaha yake. Tena, siku tatu za kazi zikipita bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kuikabidhi bunduki. Ndivyo alivyopata silaha kijana aliyewaua waumini tisa kanisani Charleston mwaka 2015.

Wanasiasa wengi wa Democratic wanataka mauzo yote yachunguzwe. Wengi wa Republican wanahofia kuwa serikali itaishia kuwa na orodha ya wamiliki, na hivyo kuingilia haki inayolindwa na Marekebisho ya Pili ya Katiba.

Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, pendekezo la kupanua uchunguzi lilipata kura 54 katika Seneti, zilihitajika 60. Juni 2022, baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, baadhi ya Warepublican waliunga mkono uchunguzi wa kina zaidi, lakini kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 tu.