Moyo wa Mtoto na Daftari la Muuguzi

Wampembe iko chini ya ukingo wa Ufipa, pale nyanda za juu zinapokoma na Ziwa Tanganyika kuanza. Nilishuka huko kwa ajili ya msiba. Jioni ya tatu shemeji yangu aliniita kando.

"Shemeji, wewe ni mtu wa vitabu. Mtoto wetu tulimpata kwa kupandikizwa mimba. Nasikia watoto hawa mioyo yao huwa dhaifu. Ni kweli?"

Kwa miaka tisa aliitwa tasa. Sasa ana mtoto wa miaka sita, na hofu mpya. Ameridhia niandike, mradi nisitaje jina lake.

Hofu hiyo ina historia. Tarehe 25 Julai 1978, Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, akiwa binadamu wa kwanza aliyetokana na yai lililorutubishwa maabara. Kazi hiyo ilifanywa na Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Uganda ilimpata mtoto wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Kwa muda mrefu swali kuu lilikuwa iwapo mimba itashika. Mtoto atakuwaje akifikisha miaka hamsini, hakuna aliyeweza kusema, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefika huko.

Swali la moyo lilitoka kwingine. Kuanzia mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire, Ethel Margaret Burnside na wauguzi wenzake waliandika daftarini uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipotimiza mwaka mmoja. Miongo mingi baadaye, daktari David Barker aliyafungua madaftari hayo. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliokuwa wepesi kabisa utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Hapo wataalamu wakaanza kuuliza ni mambo gani ya tumboni huufuata moyo hadi uzeeni.

Watoto wa maabara nao wakachunguzwa. Mwaka 2012 watafiti wa Bern, Uswisi, waliona kwamba mishipa ya damu ya watoto hao ilikuwa migumu kuliko ya wenzao, lakini waliopimwa walikuwa wachache. Mwaka 2023, uchunguzi wa watoto na vijana zaidi ya 35,000 wa Ulaya, Singapore na Australia haukukuta tofauti ya maana katika shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Mwaka 2024 zikaja takwimu za watoto milioni 7.7 wa Denmark, Finland, Norway na Sweden: kasoro za moyo za kuzaliwa nazo zilionekana kwa asilimia 1.84 ya waliopatikana kwa tiba ya uzazi, dhidi ya asilimia 1.15 ya wengine. Mapacha waliathirika zaidi. Namna za tiba hazikutofautiana sana, jambo linalofanya wataalamu washuku kuwa sababu mojawapo ni afya ya wazazi wenyewe.

Kwa hiyo hatari ipo, lakini ni ndogo: zaidi ya watoto 98 kati ya 100 huzaliwa bila kasoro hiyo.

Ila tazama ni nani walioweza kuhesabu. Ni nchi zenye madaftari. Katika mwambao huu huu, kaskazini ya Wampembe, Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto kisha akasomea utabibu Malta, aliwatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889, kwa zaidi ya miaka sitini. Aliwaona watoto wakawa wazee. Lakini kumbukumbu ya mtu huzikwa naye, daftari hubaki.

Niliiona kadi ya kliniki ya mtoto wa shemeji. Ina uzito na chanjo. Hakuna palipoandikwa mimba ilivyopatikana, na baada ya miaka mitano hakuna aliyemwita tena kumpima. Hata kama pangekuwapo, mama yake asingejaza, kwa sababu neno tasa bado linamwandama. Aibu hiyo ni sehemu ya tatizo la takwimu, na watumishi wa afya wanaweza kuipunguza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siri ya mzazi inaweza kulindwa huku afya ya mtoto ikifuatiliwa hadi utu uzima.

Nilimjibu shemeji hivi: usiogope, lakini usimfiche daktari. Mwambie mtoto alivyopatikana, umwombe ausikilize moyo na kupima shinikizo la damu. Kasoro nyingi zikigunduliwa mapema hutibika, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huwapasua watoto wetu.

Akaniuliza swali moja tu: "Na huyo daktari, ataandika wapi?"