Tutakutana tena msimu ujao: Somo la ngoma za Usukuma kwa vikundi vyetu vya mazoezi



Siku hizi kila mji wa kanda hii una watu wake wa mazoezi. Amka alfajiri Shinyanga mjini, Kahama au Geita, utawakuta barabarani wanakimbia kwa mstari, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia. Wengine wana uwanja wao wa mpira wa jioni, wengine wananyanyua vyuma walivyotengeneza wenyewe kwa saruji na mabomba. Ni jambo jema sana. Lakini wote tunajua namna vikundi hivi vinavyokwisha. Mmoja anaumia goti, mwingine anahamia machimbo ya Nyarugusu kutafuta riziki, wa tatu anaona aibu kurudi baada ya kukosa wiki tatu, kundi linafungwa mechi mbili mfululizo, na ghafla hakuna anayemuuliza mwenzake yuko wapi. Basi, limekufa. Halijatangazwa, halijazikwa.

Tunapenda kusema vijana wa leo hawana moyo. Mimi nadhani jibu haliko kwenye moyo, liko kwenye utaratibu. Na utaratibu huo babu zetu wa Usukuma walikuwa nao zamani sana, kabla neno mazoezi halijafika huku kwa maana tunayoitumia leo. Naomba tuurudie pamoja.

Tuanzie shambani. Zamani kila kijiji cha Kisukuma kilikuwa na umoja wa vijana, na kiongozi wake aliitwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana. Kazi yake ilikuwa kuwaita wenzake kulima kwa pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kulima kwa jembe la mkono chini ya jua la Shinyanga si mchezo, mgongo unajua. Ndiyo maana kazi ile ilifanywa kwa ngoma. Wapiga ngoma waliwapa wakulima mwendo, na majembe yalipanda na kushuka kwa pamoja. Huko ndiko ilikotoka bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo leo wengi wetu tunaiona jukwaani tu, wachezaji wakirusha jembe juu na kulidaka. Kabla ya kuwa burudani, ilikuwa njia ya kumfanya mtu aliyechoka aendelee mstari mmoja zaidi kwa sababu wenzake kulia na kushoto bado wanakwenda.

Sasa, mtu asipofika je? Hapa ndipo palipokuwa na akili. Mvivu au mkorofi alitozwa faini, mara nyingi chakula au mnyama wa kuliwa na kundi zima. Akikataa alitengwa: hakuna wa kumsaidia shamba, hakuna wa kukaa naye. Ni adhabu kali. Lakini iangalieni vizuri faini yenyewe. Ililiwa. Mkosaji alilipa, watu wakakaa pamoja wakala, na jambo likaisha. Yaani adhabu ilikuwa na mlango wa kurudia ndani, na mlango huo kila mtu aliujua ulipo. Linganisha na vikundi vyetu, ambavyo mtu akikosa mwezi mmoja anaondolewa kimyakimya, au anajiondoa mwenyewe kwa sababu hajui arudi kwa njia gani bila kuchekwa.

Tutoke shambani twende uwanjani. Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya mwezi wa sita na wa nane, ndiyo ulikuwa msimu wa mashindano ya ngoma. Usukuma nzima imegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walitaka kujua nani ana dawa yenye nguvu zaidi, wakakubaliana kupimana kwa ngoma. Wafuasi wao wakaendeleza ubishi huo mpaka leo.

Namna ya kushindana ilikuwa hivi. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, kwenye eneo moja, kila moja likiwa na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Hakuna jopo la waamuzi. Watazamaji wako huru kutembea, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi kila kundi linabuni mbwembwe: mavazi, sarakasi, nyimbo za kumkejeli mpinzani, na kwa Bayeye, chatu wakubwa kabisa wanaochezwa shingoni. Shindano linaweza kwenda siku kadhaa. Fikirieni mwili unaohitajika kwa kazi hiyo! Vijana wale hawakuwa na mwalimu wa viungo, walikuwa na miezi ya jembe na jioni za kufanyia ngoma mazoezi.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: kushindwa kulikuwa sehemu ya utaratibu wenyewe. Kundi linaweza kuona watu wakilikimbia mchana kweupe, mmoja baada ya mwingine, wakihamia upande wa pili. Hakuna aibu inayozidi hiyo. Lakini hapakuwa na kushuka daraja wala kufutwa. Palikuwa na msimu ujao. Na yule aliyekushinda alikuhitaji urudi, kwa sababu manju asiye na mpinzani hana wa kumtungia wimbo. Bagika bila Bagalu si kitu, na Bagalu bila Bagika vilevile. Mpinzani alikuwa sababu mojawapo ya kundi kubaki hai.

Je, utaratibu huu ulipimwa na matatizo makubwa kuliko kushindwa uwanjani? Ulipimwa sana.

Karne ya 19 vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya kwenda pwani, safari ya miezi, mzigo kichwani au begani, na wimbo wa kupeana mwendo njiani. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, kazi hiyo iliondoka. Mtindo wa kuimba na kufanya kazi kwa kundi haukuondoka nao. Ulibaki shambani, na pamba ilipoenea ukapata kazi mpya.

Serikali ya Wajerumani nayo ilimkamata Igulu Bugomola, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Ng'wanamalundi, mtu wa miguu mirefu, manju na mganga aliyekuwa akivuta umati mkubwa. Simulizi zake za kukausha miti kwa kunyoosha kidole tumezisikia wote tangu utotoni. Ukiziweka kando kwa muda, kinachobaki ni jambo la kawaida na zito: mtawala aliogopa mchezaji anayeweza kukusanya watu wengi kuliko yeye. Ng'wanamalundi alifungwa, lakini ngoma zilichezwa.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 kaya nyingi za mkoa wa Shinyanga zilihamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kupelekwa katika vijiji vipya, baadhi kwa nguvu. Majirani wa miaka mingi walitenganishwa. Kundi lolote lililosimama juu ya ujirani peke yake lilikuwa hatarini. Lakini Mgika akihamishiwa kijiji kingine alikuta Bagika wengine huko, maana uanachama ule haukufungwa na mipaka ya kijiji. Alikuwa na mahali pa kuanzia.

Sitaki tudanganyane kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa matamu. Ngoma zile ziliambatana na samba, dawa ya kuvutia watu, na panapoaminiwa dawa ya kushinda, kushindwa nako huanza kutafutiwa mchawi. Kanda yetu inajua vizuri mwisho wa njia hiyo. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Kundi linaloeleza kila anguko kwa neno tumerogwa halijifunzi chochote, na mwishoni linamwumiza asiye na hatia. Urithi huo tuuache ulipo.

Sasa tuje kwenye zama zetu, kwa timu ambazo zilitutoa sote nyumbani. Stand United ilianzia stendi ya mabasi ya Shinyanga, kwa wapiga debe na watu wa pale pale, ndiyo maana ikaitwa Chama la Wana. Mwaka 2014 ikaingia Ligi Kuu, na uwanja wa Kambarage ukapata uhai mpya. Ikaja fedha ya udhamini kutoka kampuni ya madini ya Acacia. Badala ya fedha kuwaunganisha, mwaka 2016 klabu iligawanyika pande mbili, Stand ya wanachama na Stand ya kampuni, zikigombea nani mwenye timu. Mdhamini akajitoa mwaka huo huo. Mwaka 2019 timu ikashuka daraja.

Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda mwaka 2015 na kushuka mwaka 2021. Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji iliyodhaminiwa na mgodi wa dhahabu, ilipanda mwaka huo huo wa 2021 kwa kishindo: msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na tukacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka. Miaka kumi, timu tatu, zote zimepanda na zote zimeshuka.

Sisemi udhamini ni mbaya. Mpira wa siku hizi unataka basi, hoteli na mishahara, na jembe halilipi hayo. Ninachosema ni kwamba fedha ya mgodi hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana na jasho la wachezaji. Kundi ambalo halina kitu kingine cha kulishika litashuka na fedha hiyo. Na tutazame Stand wenyewe. Wadhamini walikwenda, Ligi Kuu ikakwenda, lakini timu iliendelea kucheza madaraja ya chini, na mwaka 2025 ilifika kwenye mechi za mtoano za kuwania kurudi Ligi Kuu. Ilikwama mlangoni mbele ya Fountain Gate. Ni miaka sita baada ya kushuka, na bado kulikuwa na timu ya kufika mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaokimbia alfajiri, tuchukue nini kwa wazee?

Mosi, mpeni mtu mmoja kazi ya kuulizia asiyefika. Nsumba ntale hakusubiri watu wakumbuke wenyewe. Aliita.

Pili, wekeni faini inayolika. Aliyekosa mwezi mzima alete matikiti au soda, mle mcheke, na asikumbushwe tena. Aliyeumia asilipe kitu. Apewe filimbi ahesabie wenzake, abaki ndani.

Tatu, tafuteni wapinzani. Kundi la Ndala lipimane na la Kambarage, Kahama ipimane na Geita, kwa tarehe inayojulikana kila mwaka baada ya mavuno. Mkishindwa mtakuwa na sababu ya kuamka kesho yake.

Nne, anayehamia machimbo asihesabiwe kuwa ameondoka. Akifika Geita akute kundi linalomtambua, kama Mgika alivyokuta Bagika wenzake.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mdhamini. Yanahitaji mtu wa kuita, na wengine wa kuitika.

Tutafakari.