Maji Chini ya Misonobari

Katika miaka ya 1870 tajiri wa Philadelphia, Joseph Wharton, alianza kununua ardhi kusini mwa jimbo la New Jersey, nchini Marekani. Ilikuwa ardhi ya mchanga mtupu, iliyoota misonobari na kuyakataa mazao ya kawaida, na wakulima walikwisha kuipa kisogo. Wharton hakuutaka mchanga. Aliyataka maji yaliyo chini yake, akikusudia kuyapeleka kwa mabomba mjini kwake. Bunge la jimbo likapiga marufuku maji hayo kutolewa nje, na mpango ukafia hapo. Katika miaka ya 1950 serikali ya jimbo ikainunua milki yake.

Msonobari huo, ambao haufai kufananishwa na mvinje wa fukwe za Uswahilini, umezoeana na moto. Shina lililoungua huchipua upya, na penginepo koni zake hubaki zimegandwa na utomvu mpaka joto la moto lizifungue. Chini ya mizizi yake yamekadiriwa kuwepo maji galoni trilioni 17. Lakini mchanga unaoipokea mvua haubagui: maji ya choo na mbolea hushuka nayo pamoja.

Miaka ya 1960 palipangwa kujengwa humo uwanja mkubwa wa ndege na mji mpya. Mwaka 1968 John McPhee alichapisha kitabu juu ya msitu huo na wakaazi wake, akauona unaelekea kutoweka polepole. Gavana Brendan Byrne alikisoma, kikamgusa. Ni nadra mwandishi kupata msomaji wa namna hiyo. Mwaka 1978 sheria ya taifa ilitangaza hifadhi ya ekari zipatazo milioni 1.1. Mwaka uliofuata Byrne alisimamisha ujenzi kwa amri yake, hata kabla ya sheria ya jimbo kupita, na mwaka 1981 mpango wa matumizi ya ardhi ukaanza kazi.

Mpango huo haukuwahamisha watu. Uliigawa nchi: kiini ambamo ujenzi unakaribia kukatazwa kabisa, sehemu za kilimo na za misitu, na pembezoni, maeneo ambako nyumba zimeelekezwa. Ugumu ni kwamba ardhi nyingi ina wenyewe. Mwenye ardhi ndani ya kiini, au katika sehemu ya kilimo, hupewa haki za ujenzi asizoweza kuzitumia hapo. Humuuzia mjenzi wa pembezoni, naye huongeza nyumba katika kiwanja chake. Akishauza, hati ya ardhi yake hufungwa daima, yeye na warithi wake.

Mkulima mmoja, aliyelala na viwanja akaamka na shamba, alishitaki kwamba amenyang'anywa mali bila ya fidia. Mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ya New Jersey ilimkatalia, kwa kuwa kulima bado angeweza.  Na bei ya haki zile huwafuata wajenzi: wasipojenga pembezoni, mwenye shamba hana wa kumuuzia.